Ibara ya 18 Haitembei Peke Yake

Akikamatwa mtu Moshi au Arusha kwa alichoandika kwenye simu, swali la kijiweni huwa ni lile lile: si Katiba imempa uhuru wa kusema? Imempa. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi, uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa, na haki ya kupewa taarifa za mambo yanayogusa maisha yake. Wengi husoma hapo wakaifunga Katiba. Mbele kidogo kuna Ibara ya 30, na kesi za uhuru wa maoni huamuliwa huko.

Ibara ya 30 inasema haki hizi zisitumiwe kwa namna inayokatiza haki za wengine au maslahi ya umma. Kisha inaorodhesha mambo ambayo Bunge linaweza kuyatungia sheria hata kama yatagusa haki: ulinzi na usalama, amani, maadili, afya ya jamii, sifa na faragha za watu, habari za siri, heshima ya mahakama, na mwishoni kabisa jambo lolote linalohifadhi maslahi ya taifa kwa jumla. Kipengele hicho cha mwisho ni kipana kama uwanja wa ndege, na ndicho Serikali hukimbilia mahakamani hoja nyingine zikiishiwa nguvu.

Haki zenyewe hazikuwemo mwaka 1977. Ziliingizwa kwa Mabadiliko ya Tano ya Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzisimamia Machi 1988, baada ya Serikali kupewa muda wa kusafisha sheria zake. Hadi mwaka 2005 Ibara ya 18 yenyewe ilikuwa na maneno yaliyoiweka chini ya sheria za nchi. Mabadiliko ya 14 yaliyaondoa. Ilikuwa hatua ya kweli, ila Ibara ya 30 haikuguswa, kwa hiyo mlango uliofungwa mbele ulibaki wazi nyuma.

Kinachouzuia mlango huo usiwe wa kupita kila kitu ni maamuzi ya majaji, na moja kubwa lilitolewa hapa hapa. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, ikiketi Arusha, iliamua shauri la Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wakati ule kifungu kimoja cha sheria kilikuzuia kuishtaki Serikali bila ridhaa ya Serikali yenyewe. Mahakama ilikifuta kifungu hicho na kuweka kipimo chenye sehemu mbili: sheria inayopunguza haki isimpe mtawala nafasi ya kuamua apendavyo, yaani iwe na vizuizi dhidi ya matumizi mabaya, na isibane zaidi ya inavyohitajika kufikia lengo lake halali. Sheria isiyokidhi yote mawili ni batili. Ukiona wakili anapinga sheria ya kubana maoni bila kukitaja kipimo hiki, muulize kwa nini.

Jambo moja kabla ya kuendelea. Namba za vifungu ninazotaja ni za sheria zilivyozoeleka. Toleo la mwaka 2023 la sheria zilizofanyiwa urekebu, lililoanza kutumika Julai 2025, limehamisha baadhi ya namba. Ukinakili kifungu kwenye barua au ombi la mahakama, kiangalie kwanza kwenye toleo jipya.

Kinachowakamatisha watu

Katiba haimkamati mtu. Inayomkamata mara nyingi ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hasa kifungu cha 16. Hebu tukifungue vipande vipande, kwa sababu kila kipande upande wa mashtaka unatakiwa kukithibitisha bila kuacha shaka: kwamba ulichapisha taarifa kwenye mfumo wa kompyuta, na simu ni kompyuta, kwamba taarifa ni ya uongo, ya kupotosha au si sahihi, kwamba ulijua hivyo, na kwamba ulikusudia kukashifu, kutishia, kutukana, au kudanganya umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Neno “isiyopungua” lina uzito: sheria imeweka sakafu, na mahakama ikishakutia hatiani haikusudiwi kushuka chini yake. Juni 2016 mahakama moja jijini Arusha ilimpa mkazi mmoja kuchagua kati ya faini ya shilingi milioni 7 na jela miaka 3 kwa maneno aliyomwandikia Rais kwenye Facebook.

Sasa chukua mkulima wa kahawa wa Kibosho ambaye AMCOS yake, yaani chama cha ushirika cha wakulima, haijamlipa. Anaandika kwenye kundi la WhatsApp la kijiji: “Mwenyekiti ni mwizi, amekula hela zetu na mkuu wa wilaya anajua.” Sentensi moja, tuhuma tatu za jinai dhidi ya watu wawili, na hana karatasi ya hata moja. Mwenyekiti akienda polisi kufungua jalada, kazi ya mpelelezi imekuwa nyepesi.

Mkulima huyo huyo angeweza kuandika: “Tulipeleka kahawa Novemba, stakabadhi tunazo. Kwenye mkutano wa Februari tuliambiwa malipo ya pili yatatoka mwezi huo. Leo ni Mei, hayajatoka. Kwa maoni yangu uongozi umeshindwa kazi na uachie ngazi. Tunaomba taarifa ya benki isomwe mbele ya wanachama.” Hapa ukali haujapungua, pengine umeongezeka. Kilichobadilika ni kwamba kila jambo la kweli lina ushahidi, na kila hukumu ya mwandishi imeandikwa kama maoni. Maoni hayawezi kuwa ya uongo kwa maana ya kifungu cha 16, na swali si taarifa. Kubandika alama ya kuuliza mwishoni mwa tuhuma hakusaidii, lakini. “Hivi mwenyekiti ameiba shilingi ngapi?” ni tuhuma iliyovaa kofia.

Kufowadi nako ni kuchapisha. Aliyepokea na kusambaza hawezi kujificha nyuma ya aliyeandika. Kinachoweza kumwokoa ni kwamba hakujua kuwa ni uongo. Ndiyo maana kuongeza maneno yako juu ya ulichofowadi, “nimethibitisha, ni kweli kabisa”, ni kujifunga kitanzi: umejitangaza kuwa unajua.

Kifungu cha 23 kina mtego wa aina nyingine, na mawakili wengi wachanga hukipita haraka. Kinahusu kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia simanzi, na sakafu ya adhabu ni ile ile ya kifungu cha 16. Humo hakuna sharti la uongo. Unaweza kuwa unasema kweli tupu na bado ukaingia kwa namna unavyosema: kumtumia mtendaji wa kata ujumbe ule ule usiku kucha, kumtagi kila siku, kumwekea picha ya nyumba yake. Unachomdai ni halali, lakini kinadaiwa kwa barua.

Nje ya mtandao kuna Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89, kinachoshughulika na matusi yanayoweza kuvunja amani. Hicho ni cha stendi na vilabuni zaidi. Na kuna kashfa ya madai, ambako mtu anakushtaki kudai fidia bila polisi kuhusika. Muda wa kufungua ni miaka 3 tangu kuchapishwa. Huko ukweli ni ngao kubwa, na barua ya wakili ikikufikia, jibu lake lenye akili ni ama ushahidi au masahihisho yaliyowekwa mahali pale pale palipowekwa tuhuma. Kufuta posti kimya kimya kunaonekana kama kukiri, na skrinishoti tayari wanayo.

Kituoni

Ukikamatwa, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ina mambo machache ambayo yakikumbukwa hubadilisha kesi nzima. Askari anatakiwa kukuambia kosa unalokamatiwa. Muda wa msingi wa kukuhoji ni saa 4, na unaweza kuongezwa kwa saa 8. Muda wa kusafirishwa au wa kumngoja wakili wako hauhesabiwi. Unayo haki ya kumwita wakili, ndugu au rafiki. Kama hujapewa dhamana ya polisi, ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema inavyowezekana. Dhamana ya polisi haina malipo, na makosa ya kifungu cha 16 na 23 yanadhaminika. Ndugu waje na kitambulisho na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Ukosefu wa barua hiyo hulaza watu mahabusu Ijumaa hadi Jumatatu kuliko ugumu wowote wa sheria.

Kinachoharibu kesi nyingi ni maelezo ya onyo, yale mtuhumiwa anayoandikwa polisi baada ya kuonywa kuwa halazimiki kusema. Mtu anakaa, anaeleza kwa hasira kwamba ndiyo, ni yeye aliyeandika, na alitaka yule bwana aumbuke. Pale amekabidhi nia, kipande ambacho upande wa mashtaka ungehangaika kukithibitisha. Unayo haki ya kutosema kitu zaidi ya utambulisho wako. Ukichagua kusema, soma kila ukurasa kabla ya kusaini, sahihisha palipokosewa na usaini pembeni ya sahihisho, na angalia saa ya kuanza na kumaliza mahojiano iliyoandikwa juu. Saa isiyo ya kweli hapo leo ni hoja ya wakili wako kesho, lakini ukishaisaini itakuwa kazi kuipangua.

Simu ni habari nyingine. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinamruhusu mkuu wa kituo kutoa amri ya kupekua na kukamata kifaa bila kwenda kwa hakimu. Binafsi naona hapa ndipo sheria ile ilipo dhaifu zaidi kwa kipimo cha Pumbun, kwa sababu anayetoa amri na anayepeleleza wanakaa jengo moja. Ila mpaka mahakama iseme vinginevyo, cha kufanya ni kudai hati ya kukamata mali: aina ya simu, namba yake ya utambulisho (IMEI), laini zilizomo, hali ya kioo, saini yako na ya shahidi. Bila hati hiyo simu hupotea, au hurudi ikiwa na ujumbe ambao hukuuandika na huna pa kuanzia kulalamika.

Skrinishoti pekee ni ushahidi mwepesi kwa pande zote mbili. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama iangalie jinsi data ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na jinsi aliyeianzisha alivyotambuliwa. Kama wewe ndiye unayelindwa na mazungumzo fulani, tunza kifaa chenyewe, hamisha mazungumzo yote badala ya kipande, na aliyeyachapa karatasini aape kiapo cha jinsi alivyofanya.

Mkutano na maandamano

Tuseme wafanyabiashara wa soko la Kilombero jijini Arusha wanataka kuandamana hadi ofisi za jiji kupinga ushuru. Wengi bado wanaamini wanahitaji kibali cha polisi. Kibali kilikufa mwaka 1994. Mchungaji Christopher Mtikila alifungua shauri Mahakama Kuu Dodoma, na Jaji Lugakingira akaamua kwamba kumlazimisha raia aombe ruhusa ya kukusanyika ni kuifanya haki kuwa hisani ya ofisa. Tangu hapo sheria inataka taarifa tu. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322: taarifa ya maandishi kwa ofisa msimamizi wa polisi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla, ikitaja mahali, muda na madhumuni.

Iandike hivyo hivyo. Kichwa cha barua kiwe “Taarifa ya mkusanyiko”, kisiwe “Ombi la kibali”, maana ukiomba umempa mtu nafasi ya kukataa. Taja njia kwa majina ya barabara, saa ya kuanza na kumaliza, makadirio ya watu, na namba za simu za wasimamizi wawili. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saa. Saa 48 zinahesabiwa kutoka hapo, si kutoka ulipoiandika. Wakikataa kugonga muhuri, itume kwa rejista ya posta na pia ipelekwe na mtu atakayeweza kula kiapo kwamba aliifikisha.

Baada ya hapo sheria inakuruhusu kuendelea, isipokuwa ofisa akutumie amri ya kuzuia. Na amri hiyo haitolewi kwa sababu yoyote tu. Awe ameridhika kwamba mkusanyiko utatumika kwa jambo lisilo halali au utavunja amani. Amri ya mdomo kwenye simu, “mwambieni mwenzenu isifanyike”, idai kwa maandishi na sababu zake. Rufaa yake inakwenda kwa Waziri, na sheria inasema uamuzi wa Waziri ni wa mwisho, jambo ambalo kwa maoni yangu lingestahili kupimwa mahakamani. Tofauti ya sheria na hali halisi si ya kupuuza hata hivyo: mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa tangu 2016, na zuio likaondolewa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Januari 2023, bila kifungu cha 43 kubadilika hata neno kwa miaka yote hiyo.

Wafanyabiashara hao hao wangefanya vizuri kuanza na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Barua kwa Mkurugenzi wa Jiji, ikiomba nakala ya sheria ndogo ya ushuru na mapato ya soko kwa mwaka wa fedha unaotajwa. Ofisi ina siku 30 za kujibu. Sheria hiyo ni kwa raia, hivyo andika uraia wako na anwani, na omba hati mahususi. Barua inayoomba “taarifa zote za ushuru” hujibiwa kwa kuombwa ufafanuzi, na siku zinakwenda. Ukinyimwa, omba mapitio kwa mkuu wa taasisi ndani ya siku 30. Majibu yakija, bango lako la maandamano lina takwimu za jiji lenyewe, na kifungu cha 16 hakina pa kushika.

Kuipinga sheria yenyewe

Ibara ya 30(3) inampa anayedai haki yake imevunjwa, inavunjwa au inaelekea kuvunjwa nafasi ya kwenda Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu ina masjala Arusha na Moshi. Utaratibu uko kwenye Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu, Sura ya 3. Ombi litaje jina na anwani, ibara iliyovunjwa kwa namba, mambo yaliyotokea, na nafuu unayoitaka. Anayeshtakiwa ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Shauri husikilizwa na majaji watatu, lakini mengi hayafiki kwao. Hufia kwenye pingamizi la awali, na sababu zinajirudia: kulikuwa na njia nyingine ya kupata haki ambayo mlalamikaji hakuitumia, au kiapo cha maandishi kinachoambatana na ombi kimejaa hoja za kisheria na mambo ya kuambiwa badala ya aliyoyajua mwenyewe. Marekebisho ya mwaka 2020 yaliongeza sharti la kuonyesha kwa kiapo jinsi ulivyoathirika wewe binafsi. Sharti hilo nalo limepiganiwa mahakamani, kwa hiyo mwulize wakili limefikia wapi kabla hujaandika mstari wa kwanza.

Kushinda si mwisho pia. Ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama kuipa Serikali muda wa kurekebisha badala ya kuifuta sheria siku ile. Kwenye shauri la umri wa ndoa lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitoa mwaka mmoja, Julai 2016. Mahakama ya Rufani ilipouthibitisha uamuzi huo Oktoba 2019, vifungu vile bado vilikuwa kitabuni.

Arusha kuna mahakama mbili zaidi, na watu huzichanganya. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ndiyo iliyoamua, Desemba 2014, kwamba Burkina Faso ilikosea kumfunga mwandishi Lohé Issa Konaté miezi 12 kwa kashfa. Mtanzania hawezi tena kuiendea moja kwa moja kwa shauri jipya. Serikali iliondoa Novemba 2019 tamko lililoruhusu watu binafsi na asasi kufungua mashauri, na kuanzia Novemba 2020 mlango umefungwa. Kilichobaki ni kupitia Tume ya Afrika iliyoko Banjul, ambayo hutaka kwanza uwe umemaliza njia za ndani ya nchi.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki haikutaki umalize njia za ndani, na mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kufungua. Yenyewe haipimi Katiba yetu. Inapima kama sheria au kitendo cha Serikali kinakiuka Mkataba wa Jumuiya, hasa Ibara za 6(d) na 7(2) zinazohusu utawala wa sheria na demokrasia. Gazeti la Mseto, lililofungiwa miaka 3 Agosti 2016, lilishinda hapo Juni 2018. Machi 2019 mahakama hiyo ilivikuta vifungu vingi vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, vikiwemo vya uchochezi, vinakiuka Mkataba. Bunge liliirekebisha sheria hiyo mwaka 2023.

Kinachowatoa watu nje hapo ni saa. Ibara ya 30(2) ya Mkataba inatoa miezi 2 tangu sheria au kitendo kitokee, au tangu ulipokijua, na mahakama hiyo haiongezi muda hata kwa siku moja. Haikubali pia hoja kwamba uvunjaji unaendelea. Sheria ya Huduma za Habari ilisainiwa Novemba 2016, na waliofungua shauri walikuwa mahakamani Januari 2017; aliyesubiri kwanza majibu ya barua kutoka wizarani alikuwa amekwisha kupoteza. Halafu kuna lugha. Mahakama za Tanzania tangu 2021 lugha yake ni Kiswahili, lakini mahakama hii inaendeshwa kwa Kiingereza. Amri ya mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), barua ya jiji, posti ya WhatsApp, vyote vitafsiriwe na tafsiri ithibitishwe kwa kiapo, na siku za kazi hiyo zinatoka ndani ya miezi ile ile 2.